Same: Shule zipo, pesa ya chuo ndiyo mtihani

Matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, kwa kawaida mwezi Julai, biashara moja mjini Same huchangamka ghafla. Si ya tangawizi wala ya jasi ya Makanya. Ni biashara ya steshenari: kibanda chenye kompyuta mbili tatu, printa, skana na kijana anayeujua mfumo wa maombi ya mikopo nje ndani. Vijana hushuka kutoka Mamba, Gonja, Chome, Suji na Vudee wakiwa na vyeti kwenye bahasha ya kaki. Kwa shilingi elfu kadhaa hujaziwa fomu, huombewa vyuo na kupigiwa chapa kila karatasi inayohitaji muhuri wa mtendaji au wa wakili.

Kwa familia nyingi za Upare, ukiacha kujenga nyumba, kuchagua chuo na kuomba mkopo ndio uamuzi mkubwa kuliko yote utakaogusa mfuko wao. Aghalabu hufanywa kwa nusu saa, kwenye benchi, huku foleni ikisubiri nyuma.

Milima ya Upare haijawahi kuwa na uhaba wa hamu ya shule. Waadventista walifika Upare ya Kusini mwaka 1903, Walutheri nao wakajijenga Gonja na Mbaga, na kila misheni iliacha darasa. Baada ya hapo ikaja nguvu ya wananchi wenyewe. Msaragambo, ile kazi ya pamoja iliyochimba mifereji na kujenga ndiva za kuhifadhi maji ya kumwagilia, ndiyo iliyobeba mawe na mchanga wa shule nyingi. Miaka ya 1980, Serikali ilipolegeza masharti ya shule za sekondari zisizo za umma, mkoa wa Kilimanjaro uliongoza nchini kwa shule zilizojengwa na wananchi na makanisa. Upande wa Mwanga, wilaya iliyomegwa kutoka Pare mwaka 1979, jina la Cleopa Msuya, aliyekuwa waziri mkuu na mbunge wao kwa miaka mingi, bado linatajwa kila shule zinapozungumzwa.

Lakini msaragambo hujenga ukuta. Haulipi ada ya muhula wa kwanza chuoni Dodoma.

Hapo ndipo tatizo la leo lilipo. Tangu mwaka 2016 mtoto wa shule ya umma hasomi kwa ada hadi kidato cha nne, na kuanzia mwaka 2022/23 ada ya kidato cha tano na sita nayo imefutwa. Mzazi huzoea michango, sare, godoro na nauli. Kisha, ndani ya miezi mitatu au minne, kati ya matokeo ya Julai na kufunguliwa kwa vyuo Oktoba au Novemba, anatakiwa kuwa na mamilioni. Miezi hiyo ni mibaya kwa mkulima. Oktoba na Novemba ni wakati wa kupanda mazao ya vuli: fedha inaingia shambani, haitoki. Mwenye kahawa anaweza kuwa na chochote mkononi. Mwenye tangawizi anategemea bei ya siku hiyo, na bei ya tangawizi haina adabu.

Tuziangalie hesabu, maana wazazi wengi huangalia namba isiyo sahihi. Wanauliza ada. Katika vyuo vikuu vya umma, shahada nyingi za kwanza zina ada ya takriban Sh1 milioni hadi Sh1.5 milioni kwa mwaka. Sasa chukua kiwango ambacho Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB) hutoa kwa chakula na malazi: Sh10,000 kwa siku, kikiwa kimepandishwa kutoka Sh8,500 mwaka 2022/23. Kwa wiki 34 za masomo hiyo ni karibu Sh2.4 milioni. Kula na kulala kunaishinda ada, na mwanafunzi yeyote wa Dar es Salaam atakuambia elfu kumi haitoshi.

Kwa hiyo swali la kwanza la kuchagua chuo, kwa familia isiyo na mshahara, ni mtoto atakula nini na atalala wapi, kabla hata ya sifa za chuo. Hapa Same ina bahati ambayo haitumiki ipasavyo. Moshi iko umbali wa kilometa mia moja na ushee kwa barabara ya lami. Kuna Chuo Kikuu cha Ushirika (MoCU), kilichoanza kama chuo cha ushirika mwaka 1963 na kupandishwa kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2014. Kuna Mwenge, cha Kanisa Katoliki, na chuo cha tiba cha KCMC. Mbele kidogo, Arusha, kuna Chuo cha Uhasibu na Makumira. Gunia la mahindi na debe la maharage vinaweza kupanda basi asubuhi Same na kufika kabla ya chakula cha mchana. Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 400, na huko gunia haliendi kila mwezi. Wapo wanaoona kusoma karibu na nyumbani ni kushindwa. Mimi naona ni ruzuku ambayo hakuna bodi inayoitoa.

Swali la pili ni kama chuo chenyewe kitakuwepo. Mwaka 2017 Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) ilivizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya, na programu kadhaa katika vyuo vingine zikasimamishwa. Familia zilizokuwa zimeshalipa zilijifunza kwa gharama. Kitabu cha mwongozo wa udahili cha TCU, kinachotolewa bure kila mwaka, kinaonyesha programu zilizoidhinishwa na sifa za kuingia: kiwango cha chini kwa aliyemaliza kidato cha sita ni alama mbili za principal zenye jumla ya pointi 4, huku programu nyingi zikidai zaidi. Kwa vyuo vya kati, orodha iko kwa NACTVET, baraza la elimu ya ufundi. Kuisoma kunachukua jioni moja, na kijana wa steshenari hana jioni ya kumpa kila mteja.

Tangu mwaka 2017/18 mwombaji anapeleka maombi moja kwa moja chuoni, baada ya mfumo wa pamoja ulioanza 2010 kuachwa. Hilo limempa uhuru, na limempa pia gharama: kila chuo kina ada yake ya maombi. Anayeomba vyuo vitano ili kujihakikishia nafasi ameshatumia fedha ya nauli. Akichaguliwa zaidi ya kimoja, atapata ujumbe wenye namba ya siri ya kuthibitisha chuo kimoja, na wapo waliopoteza nafasi kwa sababu laini ya simu iliyoandikwa kwenye fomu ni ya mwenye kibanda.

Upande wa fedha, mchezaji mkubwa ni mmoja. HESLB ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi 2005, baada ya muongo wa Serikali kuwataka wananchi wachangie gharama ambazo zamani ilizibeba yenyewe. Bajeti yake ya mikopo ilikuwa Sh570 bilioni mwaka 2021/22, na kufikia 2024/25 ilikuwa Sh787 bilioni. Hakuna mfadhili mwingine nchini anayeukaribia ukubwa huo. Mzazi anayetumia mwezi mzima kutafuta ufadhili wa ng'ambo huku fomu ya Bodi ikiwa haijakamilika ameanzia mwisho.

Mkopo hutolewa kwa uhitaji, na uhitaji unathibitishwa kwa karatasi. Hapa milima inaadhibiwa. Mfumo unataka namba ya cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa Serikali wa usajili. Mtoto aliyezaliwa kijijini mwaka 2006 au 2007 mara nyingi aliishia kwenye tangazo la kizazi, cheti kikatafutwa baadaye kwa haraka. Majina hayalingani: shuleni ni jina la ubatizo na la babu, kwenye cheti ni la baba na la ukoo. Hapo kinatakiwa kiapo cha wakili, na wakili yuko mjini. Mwenye mzazi aliyefariki anahitaji cheti cha kifo kilichohakikiwa, na wako waliozika bila kukumbuka kuandikisha. Kaya iliyo kwenye mpango wa TASAF wa kusaidia kaya maskini ina faida ya kutambulika kwa namba yake, lakini namba hiyo nayo iandikwe sawasawa. Nikipewa dakika moja ya kumshauri mzazi wa kidato cha tano, ningeitumia yote kwenye vyeti. Kuvitafuta mwaka mmoja kabla ni kazi ya nauli mbili, na kuvitafuta dirisha la mkopo likiwa wazi kunaweza kugharimu mkopo mzima.

Anayekosa, au anayepata kidogo, ana nafasi ya kukata rufaa. Watani wetu Wachaga husema Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe ili aendeshe kesi ya kuku. Ajabu ni kwamba kwenye rufaa ya mkopo, ambako kesi ina maana, wengi hunyamaza na kwenda kuuza huyo ng'ombe alipe ada.

Jambo jingine halisemwi vya kutosha kwenye foleni. Mkopo wa ada kwa chuo binafsi hukadiriwa kwa kuangalia ada za vyuo vya umma, na tofauti ni ya mzazi. Shahada ya udaktari katika chuo binafsi inapita Sh4 milioni kwa mwaka, kwa miaka mitano. Mkopo wa asilimia mia moja kwenye karatasi unaweza kuacha pengo la mamilioni mkononi.

Ufadhili usiorudishwa upo, ila ni mlango mwembamba. Mkubwa wa hapa nchini ni Samia Skolashipu, iliyoanza mwaka 2022/23 kwa Sh3 bilioni na wanafunzi 640 waliofaulu vizuri zaidi masomo ya sayansi kidato cha sita. Hulipa gharama zote, na kigezo ni ufaulu. Taasisi ya NMB ina mpango wa Nuru Yangu kwa wenye ufaulu mzuri na kipato duni. Taasisi ya Karimjee Jivanjee huwasomesha washindi wa mashindano ya Young Scientists Tanzania, na njia hii inanivutia kwa sababu inaanza sekondari: mwalimu wa sayansi wa shule ya kata akiwasimamia wanafunzi wawili wenye wazo zuri, anafungua mlango ambao pointi peke yake haziufungui. Serikali za China, Algeria na Hungary hutoa nafasi ambazo hutangazwa na wizara ya elimu.

Pale penye kiu ya ng'ambo ndipo wanapojazana mawakala. Wengine ni halali. Dalili ya asiye halali ni moja: anadai fedha ili "kuhifadhi nafasi ya ufadhili". Ufadhili wa kweli haununuliwi, na shahada ya nje itakuja kupimwa na TCU kabla haijatambuliwa nchini. Iulizwe kwanza TCU, ndipo alipwe wakala.

Nje ya Bodi, mkulima anabaki na vikoba, SACCOS na ndugu wa Kariakoo. Mabenki yameingia: NMB ilianzisha mkopo wa elimu mwaka 2022, lakini umelengwa kwa wenye mshahara unaopita benki. Mwalimu wa Hedaru anafaa, mkulima wa tangawizi wa Mamba hafai. Huyo anaishia kwenye kikoba chenye riba ya kila mwezi, mkopo uliobuniwa kwa mtaji wa genge, si kwa masomo ya miaka mitatu.

Na hapa ndipo naona pengo ambalo Same yenyewe ingeweza kuliziba. KNCU, chama kikuu cha ushirika kilichoundwa mwaka 1933 upande wa Uchaga, kilitumia fedha za kahawa kusomesha vijana katika miaka ya ukoloni. Upare nayo ina chama kikuu chake, Vuasu. Ina vyama vya wakulima wa tangawizi, ina dayosisi mbili zenye makao Same, ina halmashauri inayokusanya ushuru wa mazao, na ina wana wake waliotapakaa Dar es Salaam ambao huchanga vizuri kwenye misiba na harusi. Kinachokosekana ni mfuko mmoja wenye kanuni, unaokopesha fedha ya kuanzia: nauli, godoro, malipo ya usajili na mwezi wa kwanza kabla bumu, yaani fedha ya kujikimu ya Bodi, halijaingia. Kiasi hicho ni kidogo kuliko ada ya mwaka, na ndicho kinachowakwamisha wengi waliokwisha kupata mkopo.

Njia ya vyuo vya kati nayo imepata uzito mpya. Tangu 2023/24 HESLB inakopesha pia wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, zikiwemo afya, ualimu, usafirishaji, nishati, madini na kilimo. Kijana mwenye ufaulu wa wastani anaweza kusoma stashahada, apate kazi, kisha aombe shahada akiwa na GPA ya 3.0. Wazazi bado wanaiona kama njia ya waliofeli. Waajiri wa zahanati na karakana hawaioni hivyo.

Bili ya mkopo wa Bodi huja baadaye. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara. Tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani, iliyofanya deni livimbe mwaka hadi mwaka, ilifutwa mwaka 2021. Aliyejiajiri, baada ya miezi 24 tangu amalize, anatakiwa kulipa asilimia 10 ya kipato chake au kiwango kisichopungua Sh100,000 kwa mwezi. Mhitimu wa kilimo anayerudi Mamba kulima tangawizi hana mwajiri wa kumkata, kwa hiyo atatakiwa kuipeleka fedha hiyo mwenyewe, mwezi wa mavuno na mwezi wa palizi kwa kiwango kilekile.