Filda Haskii Pedi

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwa keja ya brathe huko Umoja. Ye ako na pedi moja, mi niko na ingine, skoo ni tano kwa tano, ining ya saba. Brathe ako na wasee wawili kwa besi. Narusha, anagonga, mpira inapaa hadi nyuma kabisa. Naiona. Namwona pia filda wangu, hatua chache tu kutoka pale itaanguka. Nafinya pedi hadi kidole gumba inauma: enda, enda, si uende! Na ye anatembea. Anatembea ka mtoi ametumwa chumvi wakati katuni imeanza. Mpira inadunda mara mbili, inabingirika hadi kwa ukuta, na kabla aiokote wasee wa brathe washafika nyumbani wote wawili. Saba kwa tano.

Hapo ndio shida ya hii gemu inakaa. Mafilda si wako. Unarusha mpira, unagonga mpira, unakimbiza wasee wako kwa besi, lakini ukigongewa tu, mashine inakunyang'anya timu. Mashine ndio inaamua nani aifuate, apitie wapi, na aende mbio ama pole. Akishaokota ndio unarudishiwa: kulia unatupa besi ya kwanza, juu ya pili, kushoto ya tatu, chini nyumbani, venye tu uwanja umekaa kwa skrini. Hiyo ya kutupa ilifikiriwa poa sana, mtoi wa miaka sita anaishika mara moja. Lakini kutoka mpira igongwe hadi iokotwe, wewe ni mtazamaji.

Gemu yenyewe inaitwa tu Baseball. Nintendo waliitoa Japan Desemba 1983, miezi chache baada ya mashine yao ya Famicom kuingia soko Julai mwaka huo huo. Marekani ilifika 1985, ikiwa kati ya gemu za kwanza kabisa za NES, ile Famicom ya huko. Shigeru Miyamoto, msee mwenye alituletea Mario, alikuwa ndani ya kuiunda. Timu hazina majina, ni herufi moja moja na rangi ya jezi, na nguvu zao ni sawa. Ukichagua timu umechagua nguo tu.

Sisi hatukuijulia Nintendo. Tuliijulia Terminator, moja ya zile mashine zilikuwa zinaiga Famicom, na kaseti ya manjano imeandikwa iko na gemu 9999. Ukishuka kwa listi unapata ni zile zile zinarudi na majina ingine. Tulikuwa tunaiunganisha kwa Great Wall ya inchi 14, ile haina rangi, tunapuliza kaseti, tunaiweka, haishiki, tunapuliza tena. Mathe akikaribia kurudi kutoka job tunazima, tunarudisha kitambaa juu ya tivi, halafu tunaomba asiguze kule nyuma akaskia joto.

Kwa plot yetu Contra na Mario ndio zilikuwa zinapiganiwa. Besiboli maboi walikuwa wanairuka. Waliingia mara moja, wakapigwa straiki tatu bila kujua straiki ni nini, wakarudi kwa Contra. Mi niliielewa siku ya kwanza, na ni raundas ilinichanua. Manzi mwenye amesoma praimari Kenya anajua raundas: bola anarusha, unagonga na kagongo kafupi, unazunguka besi nne. Kwa Sheng besi ni pale mbogi hukutana, pale ukifika uko na wako na hakuna wa kukusumbua. Kwa raundas ni ile ile kitu, ukishaishika hawawezi kukuguza. So nikiona hiyo skrini sikuona mchezo ya Marekani. Niliona fildi ya shule yetu.

Na kwa hiyo fildi kazi yangu haikuwa kugonga. Odijo wa michezo alikuwa ananiweka nyuma kabisa, karibu na fensi, juu nilikuwa na mbio na mikono yangu ilikuwa haiachi mpira. Ukiwa huko nyuma unasikia gongo kabla uone kitu. Ile sauti inakushow: hii ni fupi, hii ni ndefu, rudi nyuma sasa. Unakimbia ukiangalia juu, jua imekuingia macho, na unanyoosha mkono pahali mpira bado haijafika. Hakuna raha naijua kushinda hiyo ya mpira kuingia kwa mkono na timu nzima ya wapinzani kunyamaza. Hicho ndio kitu hii gemu ilinyima watu, na ndio maana miaka yote hii bado inaniuma.

Ya 1983 nimeisamehe, na nitakuambia juu ya nini. Gemu yote ni kilobaiti 24. Picha moja ya simu yako inaeza meza gemu ka hizo karibu mia. Halafu Famicom inachora wasee wake na vipande vidogo vinaitwa spraiti. Kwa skrini nzima haipitishi 64, na kwa laini moja ya skrini ni nane tu. Sasa hesabu: mafilda, msee wa kugonga, wasee wa kukimbia, refa, mpira. Kila mmoja ni vipande kadhaa vimeunganishwa. Wakijipanga laini moja vipande vikizidi nane, vingine vinapotea kidogo halafu vinarudi. Ndio maana wasee walikuwa wanametameta, na sisi tukidhani ni tivi inataka kudedi, tunaizaba kofi ya ubavu. Tivi haikuwa na makosa.

Lakini mashine ile ile, miaka michache tu mbele, iliweza. Namco walitoa Family Stadium 1986, yenye Marekani ilikuja kuitwa R.B.I. Baseball, na hapo mafilda unawakimbiza mwenyewe. Halafu 1989 SNK wakaleta Baseball Stars. Hiyo niliipata nikiwa mtu mzima, na nilikaa nayo hadi saa tisa usiku. Filda anaruka juu. Anajitupa chini. Kaseti iko na betri ndani, so timu yako inabaki ukizima. Unaunda wachezaji wako, unashinda mechi, unapata doh, unawaongezea mbio na nguvu. Na kuna timu ya madem watupu, inaitwa Lovely Ladies. 1989! Ningekuwa na hiyo kaseti kwa ile Great Wall ningejiweka nyuma kabisa karibu na fensi, na maboi wa plot wangeniona nikishika.

Majina fake kwa gemu za besiboli hazinisumbui, ukweli. Kitambo hiyo ilikuwa maneno ya leseni. R.B.I. ilikuwa na ruhusa ya chama cha wachezaji lakini si ya ligi, so unapata majina ya wachezaji wa ukweli na timu inaitwa tu Boston ama Detroit. Ile ya Ken Griffey Jr. ya Super Nintendo, 1994, ilikuwa kinyume: timu za ukweli, na kwa wachezaji wote ni Griffey peke yake mwenye jina yake. Watu walicheza zote mbili na wakazipenda, juu mikono yao ilikuwa na kazi.

Wenye wananikasirisha ni wa sahii. Nilidaunlodi moja kwa simu, imechorwa ka ya kitambo, mapikseli makubwa, mziki ya kulialia ile tamu, hadi wameweka zile laini za tivi ya zamani kwa skrini. Kwa macho ni kali. Nikaanza kucheza: mafilda wanajiendea. Tena hii haikupei hata kutupa. Unagonga, unangoja, unaambiwa matokeo. Simu yangu iko na nguvu ya kuzidi Famicom maelfu ya mara, na bado mtu amekaa chini akachagua kurudisha ulemavu wa 1983 akauita staili. Hapana. Famicom ilikuwa inabana. Wewe nani alikubana? Ukitaka kuiga ya kitambo, iga Baseball Stars, iga ile miaka sita walipambana na hiyo mashine hadi filda akaruka.

Super Mega Baseball, ya 2014, haijajichora ka ya kitambo lakini roho iko. Majina zote za kutunga, wachezaji vichwa vikubwa, na ugumu unaupima na namba inaitwa Ego, unaipandisha ukizidi kuiva. Na filda unamwendesha. Mpira ya juu unaifuata mwenyewe, ukichelewa ni wewe umechelewa. Nilipokosa ya kwanza nilifurahi.

Kuna shida ingine ilinichukua muda kuielewa. Brathe alinunua ile stiki ya gemu za kitambo huko Luthuli, akaichomeka kwa tivi yake flati ya inchi 43, na wote wawili tulikuwa tunapigwa straiki ka watoi. Nikadhani ni uzee. Kumbe ni vitu mbili. Ya kwanza, tivi za kisasa zinachukua muda kusafisha picha kabla zikuonyeshe. Ikichelewa sehemu moja ya kumi ya sekunde, kwa gemu ya fremu 60 hizo ni fremu sita umeibiwa, na kwa besiboli fremu sita ndio kila kitu. Ingia kwa mipangilio ya tivi utafute modi ya gemu. Tuliiweka, na brathe akagonga mpira ya kwanza alirushiwa.

Ya pili ndio ilinigusa. Tivi za Kenya zilikuwa za PAL, fremu 50 kwa sekunde, na zile mashine za kuiga zilizouzwa huku zilikuwa zinaenda na hiyo. Gemu ilitengenezwa ya 60. So utoto wote tulikuwa tunacheza polepole kwa sehemu moja ya sita, na mziki pia ikivutika. Hii stiki inacheza 60. Mpira yenye mikono yangu inakumbuka ilikuwa inakuja na upole, na hii sasa ndio kasi yenye mtoi wa Japan alikuwa anarushiwa.

Mtoi wa brathe, ako na miaka nane, alikuwa ameketi katikati yetu. Filda alipotembea ile ya saba kwa tano, akaniuliza, "Anti, kwani hakuambiwa akimbie?" Nikamwambia hakuambiwa. Halafu akauliza ka kuna watu wa huku huicheza ukweli. Nikamwambia ya Lugazi, hapo tu Uganda, watoi walienda Williamsport, Marekani, 2012, timu ya kwanza kutoka Afrika kufika mashindano ya dunia ya Little League, na wakachapa watoi wa Oregon tatu kwa mbili. Nikamwambia pia ya Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, 2017, Mwafrika wa kwanza kucheza ligi kubwa ya Marekani, na mara ya kwanza kabisa alisimama kugonga alifika besi. Akanyamaza kidogo. "Na hao wanakimbianga?" Wanakimbianga sana.

Ining ya tisa. Nimechomoa, niko mbele nane kwa saba. Brathe ndio wa kugonga, auti mbili, na msee wake ako besi ya tatu. Akigonga popote wazi, filda wangu atatembea na tutaenda sare. So dawa ni moja: mpira isifike huko. Na hapa lazima niipe hii gemu heshima yake, juu hii vita ya kurusha na kugonga waliiweza kabisa. Ukishikilia chini mpira inakuja ya kasi. Ukishikilia juu inakuja ya pole. Kulia na kushoto inapinda. Ni hizo tu, lakini mwenye kugonga ameketi bega kwa bega na wewe, ni msee mmelala kitanda moja miaka kumi, na anajua venye unapumua ukitaka kumdanganya.

Ya kwanza nikampea kasi. Straiki. Ya pili kasi tena. Straiki. Brathe akasonga mbele kwa kiti. Mi hupenda kasi, na ye anajua. Nikashika pumzi ile ya kawaida, nikaweka kidole pale pale, halafu dakika ya mwisho nikafinya juu.

Mpira ilitoka ka imelala. Brathe akazungusha gongo, ikapita hewa tupu, mpira bado iko katikati ya njia. Auti ya tatu. Huko nyuma mafilda wangu wamesimama venye walikuwa, hakuna mwenye ameiguza. Kamtoi kakamnyang'anya babake pedi, kakanisukuma kando nitoe nafasi, na kakauliza ya pole ni juu ama chini.