Herufi za Kucheza Zina Mahali Pake

Kila juma tunapeleka karatasi kwa kijana wa kompyuta atuchapie: mwaliko wa arusi, tangazo la kilio, orodha ya likelemba, barua kwa shefu wa mtaa. Naye anauliza, «Mama, niweke herufi gani?» Tuwe na jibu letu, maana herufi inasema kabla ya neno kusomwa.

Tuchukue mfano wa Comic Sans, zile herufi zinazofanana na mwandiko wa mkono wa mtoto. Vincent Connare alizichora mwaka 1994, alipokuwa akifanya kazi Microsoft, Marekani. Aliona programu moja ya familia ambamo mbwa wa katuni anasema, lakini maneno yake yameandikwa kwa Times New Roman, herufi za gazeti. Mbwa wa mchezo atasemaje kama gazeti? Connare akaangalia maneno ya vitabu vya katuni, kisha akachora herufi zake.

Kwa hiyo kazi yake tunaijua: sikukuu ya mtoto, michezo, ubao wa darasa la watoto. Hata wamama wanaojifunza kusoma zinawasaidia. Katika vitabu vingi, herufi «a» ina kofia juu. Katika Comic Sans ni duara na kijiti, sawasawa na tunavyoiandika kwa kalamu. Anayeanza anaitambua mara moja.

Lakini mahali pengine zinaharibu. Mwaka 2012, wataalamu wa CERN, kule Uswisi, walitangaza habari kubwa ya sayansi, ile chembe ya Higgs. Maandishi ya maelezo yao mengine yalikuwa ya Comic Sans, na watu wengi wakacheka herufi badala ya kusikiliza habari.

Na sisi je? Barua ya kuomba bomba la maji haichezi. Tangazo la kilio halichekeshi. Hapo tuombe Times New Roman au Arial, ukubwa wa 12 au 14, bila mapambo. Mwaliko nao usichanganye zaidi ya aina mbili: moja ya kichwa, moja ya maelezo.

Kabla ya kulipa fotokopi hamsini, mama, omba kwanza karatasi moja. Mpe jirani aisome. Akitabasamu mbele ya tangazo la kilio, mwambie kijana abadilishe herufi.