Uvimbe wa Taya Uliomtoa Daktari Chumba cha Upasuaji

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, Dkt. Hugh Trowell alimwita mwenzake amwangalie mvulana wa miaka 5. Taya zote mbili, ya juu na ya chini, zilikuwa zimevimba, kulia na kushoto, na meno yamelegea.

Aliyeitwa alikuwa Denis Burkitt, daktari wa upasuaji mzaliwa wa Ireland aliyepoteza jicho moja utotoni. Jipu la jino huvimbisha upande mmoja. Pande nne kwa mpigo lilikuwa jambo geni kwake. Wiki chache baadaye, huko Jinja, akamkuta mtoto wa kike mwenye uvimbe uleule, na mwingine tumboni. Akapekua mafaili ya Mulago, na mwaka 1958 akautangaza uvimbe huo, ambao ni saratani, kwa madaktari wenzake.

Kisu kilishindwa. Ukikata taya, tayari ugonjwa umeshafika kwenye figo au ini.

Basi Burkitt akauliza swali jingine: ugonjwa huu unakaa wapi? Alituma vipeperushi vyenye picha kwa hospitali nyingi za Afrika. Oktoba 1961, yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, waliondoka Kampala kwa gari kuukuu aina ya Ford, wakafika Afrika Kusini na kurudi: maili 10,000 kwa wiki 10. Katika kila hospitali walionyesha picha na kuuliza kama watoto wa namna hiyo wapo. Penye joto na mvua walikuwapo. Kwenye milima ya baridi, hapana. Ramani hiyo ilifanana na ya mbu.

Mwaka 1964 wanasayansi wa London walikuta virusi, sasa vikiitwa Epstein-Barr, katika seli zilizokuzwa kutokana na vipande vya uvimbe vilivyotoka Kampala. Virusi hivyo, pamoja na malaria ya kurudiarudia, ndivyo huandaa njia ya saratani hiyo.

Je, hatari hiyo ipo Dodoma pia? Mji huo uko mita zipatazo 1,100 juu ya usawa wa bahari. Ukame hupunguza mbu, na malaria si kali kama Geita au Kigoma, lakini ipo, na familia huhama na watoto wao, kwa hiyo hata hapa saratani hiyo inaweza kumpata mtoto.

Uvimbe huu unaweza kukua maradufu ndani ya siku 1 au 2, ila dawa za saratani zinaweza kuuponya ukiwahiwa. Mzazi wa Kongwa, Bahi au Mpwapwa, mkoani Dodoma, akiona taya la mtoto linavimba huku meno yakilegea, asiishie kung'oa jino na kupewa vidonge. Aombe rufaa siku hiyohiyo.