Sura ya Sita: Daktari Aliyejifanya Kipimo

Tarehe 27 Januari 1896 mgodi wa makaa ya mawe wa Tylorstown, katika bonde la Rhondda kusini mwa Wales, ulilipuka. Watu 57 walikufa, pamoja na farasi waliokuwa wakivuta mabehewa huko chini. Milipuko ya migodi haikuwa habari ngeni Uingereza wakati ule, na chanzo cha vifo kilidhaniwa kinajulikana: ama moto umewaunguza, ama kishindo kimewapondaponda. Daktari mmoja kutoka Oxford, John Scott Haldane, hakuridhika na dhana hiyo. Alifunga safari hadi Tylorstown, akakagua maiti za watu na za farasi, akachukua damu akaipima.

Wengi wao hawakuwa na jeraha la kumuua mtu. Nyuso zao zilikuwa na wekundu ambao maiti hana, na huo ndio uliokuwa ushahidi. Ni alama ya kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayotokea makaa au vumbi lake linapoungua pasipo hewa ya kutosha. Watu hawa walinusurika na kishindo, kisha gesi ikawakuta.

Ripoti aliyoipelekea serikali mwaka huohuo ilibadili namna ya kuzitazama ajali za migodini. Mtu aliyepasuliwa na mlipuko hana msaada. Aliyelewa gesi anaweza kufikiwa akiwa hai, mradi wanaomfuata wawe na njia ya kujua hewa iliyo mbele yao ni ya namna gani, wasije nao wakaanguka palepale. Huo ulikuwa mwanzo wa vikosi vya uokoaji vyenye vifaa vya kupumulia, na mwanzo wa ndege kanari migodini, ambao tutawarudia.

Haldane alizaliwa Edinburgh mwaka 1860, katika ukoo wa Kiskoti wenye mali na majina makubwa. Kaka yake, Richard, alikuwa Waziri wa Vita na baadaye Mwanasheria Mkuu wa Dola, cheo wanachokiita Lord Chancellor. Mjomba wake, John Burdon-Sanderson, alikuwa profesa wa fiziolojia Oxford. Mwenyewe alihitimu udaktari Edinburgh mwaka 1884. Kwa nasaba ile angeweza kufungua zahanati ya matajiri akaishi raha mustarehe. Badala yake alikwenda Dundee, mji wa viwanda vya juti, akaingia kwenye vibanda vya maskini usiku wa manane.

Kazi ya Dundee, aliyoifanya na mkemia Thomas Carnelley, inafaa kutazamwa kwa karibu kwa sababu ndani yake mna Haldane mzima. Waligonga milango ya nyumba za chumba kimoja wakati familia nzima imelala, wakajaza hewa ya chumba kwenye chupa, wakaondoka nayo kwenda kupima hewa ya ukaa, uchafu na vijidudu. Walifanya hivyo pia madarasani. Matokeo yalichapishwa mwaka 1887, na yaliweka hewa ya chumba kando ya takwimu za vifo: kadiri nyumba ilivyokuwa na vyumba vichache, ndivyo hewa ilivyokuwa chafu na ndivyo waliokufa walivyokuwa wengi. Siku hizo wasomi walikuwa wakibishana juu ya hewa mbaya bila kutoka vitini. Haldane alitaka ile hewa hasa ambayo watu waliivuta, saa ileile waliyokuwa wakiivuta.

Na pale chupa ilipokuwa haitoshi, alitumia mapafu yake.

Majaribio yake ya kaboni monoksaidi yalichapishwa mwaka 1895, kabla ya Tylorstown. Alikaa kwenye chumba cha maabara, akavuta hewa iliyochanganywa na gesi hiyo kwa kiasi alichokijua, huku akiandika saa, mapigo ya moyo na jinsi anavyojisikia, na akijitoboa kupata tone la damu la kupima rangi. Himoglobini, protini nyekundu inayobeba oksijeni mwilini, huing'ang'ania kaboni monoksaidi kwa nguvu inayoizidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Kwa hiyo gesi kidogo tu hewani, ikipewa muda, huteka sehemu kubwa ya damu. Haldane aliendelea hadi zaidi ya nusu ya himoglobini yake ilipokuwa imetekwa, macho yakafifia na miguu ikakataa amri. Hapo akaacha.

Watu humsifu kwa ujasiri. Mimi naona ujasiri ndio jambo dogo hapa. Walevi nao ni majasiri. Lililo kubwa ni kwamba alijua kila dakika yuko wapi, kwa tarakimu, na kwamba aliyoyaandika yalimwezesha mtu mwingine kujua mchimbaji anapoteza nguvu za miguu lini, na anapoteza akili lini. Aligundua pia jambo la hatari kuliko yote: anayelewa gesi hii hajijui. Hujiona yuko sawa mpaka anapojaribu kusimama.

Sisi wa Afrika Mashariki hatuna haja ya kwenda Wales kuifahamu gesi hiyo. Ndiyo inayoua familia zinazolala na jiko la mkaa ndani, madirisha yamefungwa kwa sababu ya baridi, iwe Njombe au Limuru. Mkaa uliokolea vizuri, usiotoa moshi wala kuwasha macho, ndio unaodanganya. Jiko litolewe nje kabla ya kulala, hata kama limebaki na makaa machache.

Sasa wale ndege. Mnyama mdogo hupumua haraka na damu yake huzunguka upesi, kwa hiyo sumu humfikia mapema kuliko mtu. Haldane alipendekeza waokoaji washuke na panya au ndege. Kanari akashinda kwa sababu akizidiwa huanguka kutoka kwenye kijiti chake na kila mtu anaona, ilhali panya anaweza kujikunyata tu. Ndege hao walibaki katika migodi ya Uingereza hadi mwaka 1986, serikali ilipotangaza kwamba vipimo vya elektroniki vitachukua nafasi yao.

Mwanawe, J.B.S. Haldane, aliyekuja kuwa mwanasayansi mashuhuri wa jenetiki, alifundishwa hivyohivyo. Alisimulia kwamba alipokuwa mtoto baba yake alimshusha mgodini Staffordshire, akamsimamisha mahali penye methani, akamwambia asome kwa sauti hotuba ya Mark Antony kutoka tamthilia ya Julius Caesar, ileile ambayo wasomaji wa Kiswahili wameijua kwa tafsiri ya Mwalimu Nyerere. Mtoto alianza vizuri, akaanza kuhema, akaanguka. Chini sakafuni akaona hewa ni nzuri, akazinduka. Methani ni nyepesi kuliko hewa, hivyo hukaa juu. Mtoto yule hakulisahau somo hilo. Mzazi wa leo angeshtakiwa.

Mwaka 1905, pamoja na John Gillies Priestley, Haldane alijibu swali linaloonekana jepesi: ni nini kinachotuamuru kupumua? Wengi walidhani ni upungufu wa oksijeni. Wawili hao walibuni njia rahisi ya kuipata hewa ya ndani kabisa ya mapafu: mtu hupuliza kwa nguvu kwenye bomba refu, kisha huziba mdomo wa bomba kwa ulimi, na hewa ya mwisho kutoka huchukuliwa karibu na midomo yake ikapimwa. Waliipima Oxford, wakaipima juu ya mlima Ben Nevis, wakaipima chini ya mgodi wa bati wa Dolcoath huko Cornwall. Shinikizo la hewa ya ukaa mapafuni lilikaa karibu palepale kote. Likipanda kidogo tu, sawa na asilimia 0.2 ya hewa, kiasi cha hewa anachovuta mtu huongezeka maradufu. Hewa ya ukaa, iliyokuwa ikihesabiwa takataka tu, ndiyo inayoshika usukani wa pumzi. Daktari wa usingizi anayeangalia mashine yake leo katika chumba cha upasuaji anafuatilia kitu hichohicho.

Jeshi la Majini nalo lilimhitaji. Wazamiaji wake walikuwa wakirudi juu na maumivu makali ya viungo. Wengine walipooza, wengine wakafa. Kilichokuwa kikiwatesa ni naitrojeni. Ukiwa chini ya maji mengi, naitrojeni huyeyuka katika damu na mafuta ya mwili. Ukipanda haraka hutoka kwa mapovu, kama soda iliyofunguliwa ghafla. Desturi ilikuwa kupanda polepole kwa mwendo mmoja. Haldane aliwaweka mbuzi kwenye tangi la hewa iliyoshindiliwa, pale Taasisi ya Lister jijini London, akapunguza shinikizo kwa namna mbalimbali. Mbuzi mwenye mapovu kwenye kiungo hukunja mguu wa mbele na kukataa kuukanyagia. Hakuna mashine iliyohitajika kulisoma hilo.

Aliona kwamba mnyama huvumilia shinikizo kupungua hadi nusu bila kuumia. Kwa hiyo mzamiaji aliye mita 30, ambako shinikizo ni mara 4 ya lile la juu ya maji, anaweza kupanda upesi hadi mita 10, ambako ni mara 2. Kuanzia hapo asimame kituo kwa kituo, mapumziko yakirefuka kadiri anavyokaribia juu. Katika majira ya kiangazi ya 1906 luteni Guybon Damant na mwenzake Catto waliijaribu kanuni hiyo baharini magharibi mwa Uskoti, wakafika futi 210 na kurudi salama. Majedwali yalichapishwa mwaka 1908. Damant huyohuyo baadaye aliongoza kazi ya kuitoa dhahabu ya meli Laurentic, iliyozama karibu na Ireland mwaka 1917: kati ya vipande 3,211 timu yake ilileta juu 3,186, bila mzamiaji hata mmoja kupoteza maisha. Vijana wa pwani yetu wanaofuata majongoo bahari kwa mitungi ya hewa, wengi bila mafunzo, bado wanapatwa na ugonjwa ambao kinga yake iliandikwa miaka zaidi ya 100 iliyopita.

Aprili 1915, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Wajerumani walifungulia gesi ya klorini huko Ypres, Ubelgiji. Haldane aliitwa upesi, akavuka kwenda Ufaransa, akawaona askari waliokuwa wakifa kwa kukosa pumzi, akathibitisha gesi ni ipi. Kisha yeye na wenzake wakajifungia katika chumba chenye klorini kujaribu barakoa za kwanza. Wakati huohuo magazeti ya London yalikuwa yakimwandama kaka yake kwa tuhuma za kuwapenda Wajerumani, na mwezi Mei akaondolewa serikalini. Katika vita hiyo Haldane alitengeneza pia kifaa cha kuwapa majeruhi wa gesi oksijeni mfululizo kwa kiasi kinachopimika. Hapo kabla, oksijeni hospitalini ilikuwa ni kupepea tu bomba mbele ya pua ya mgonjwa.

Kuna mahali alikosea, na hakukubali. Aliamini kwamba mapafu, mtu akiwa milimani, huisukuma oksijeni kwa nguvu yake yenyewe iingie katika damu. Safari yake ya Pikes Peak huko Colorado mwaka 1911 aliichukua kuwa uthibitisho. August na Marie Krogh wa Denmark, na Joseph Barcroft wa Cambridge, walionyesha kuwa oksijeni hujipenyeza tu yenyewe. Haldane alishikilia lake hadi mwisho, na sayansi ikampita.

Kosa hilo halikumuumiza mtu. La pili liliumiza. Alikubali kwamba vumbi la mawe yenye silika huharibu mapafu. Yeye mwenyewe aliichunguza hali hiyo kwa wachimbaji wa Cornwall. Lakini vumbi la makaa ya mawe alilitetea kwa miaka mingi kwamba halina madhara ya maana, na kwa heshima aliyokuwa nayo, wenye migodi hawakuhitaji shahidi mwingine. Njia yake ya kazi, kwenda mahali penyewe, kuivuta hewa ileile na kuandika kinachotokea, ilinasa kila sumu inayofanya kazi ndani ya saa moja au siku moja. Vumbi la makaa hufanya kazi kwa miaka 20. Mwili wake haukuwa na la kumwambia.

Alifariki Oxford Machi 1936 kwa nimonia, akiwa na umri wa miaka 75, muda mfupi baada ya kurudi kutoka Uajemi na Iraki, alikokuwa akichunguza jinsi joto linavyowaangusha wafanyakazi wa mafuta. Baada ya kifo chake, Baraza la Utafiti wa Tiba lilichunguza vifua vya wachimbaji wa kusini mwa Wales na kuthibitisha kuwa vumbi la makaa lenyewe huleta ugonjwa wa mapafu. Ugonjwa huo uliingizwa katika fidia ya wachimbaji mwaka 1943.