Mechi ya Mbeya: Kitanda cha kwanza Mikumi ni cha dereva

KILA ratiba ya Ligi Kuu inapotoka, kuna mechi mbili tatu ambazo shabiki wa Dar es Salaam anaziwekea alama mapema. Mojawapo ni ile ya Sokoine, Mbeya. Iwe timu yako inakwenda kwa Tanzania Prisons au kwa Mbeya City, pointi tatu za pale hazichukuliwi kirahisi. Ndiyo maana matawi yanaanza kujipanga, michango inapita kwenye simu na kuna mtu mmoja anapewa kazi ya kutafuta Coaster.

Halafu linakuja swali: tunalala wapi?

Kwa matawi mengi jibu ni fupi. Hatulali. Tunaondoka Ijumaa usiku, asubuhi tuko Mbeya, tunapiga supu, tunaingia uwanjani, mechi ikiisha tunageuza. Jumapili asubuhi kila mtu yuko kwake na hela ya gesti imebaki mfukoni.

Hesabu hiyo ni tamu kwa abiria. Kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya ni kilomita kama 830, kwa hiyo kwenda na kurudi unazungumzia zaidi ya 1,600 ndani ya siku mbili. Abiria akichoka kuimba anaegemea dirisha anakoroma. Dereva je? Zile saa mbili za mechi, ambazo angeweza kujinyoosha hata kwenye kiti cha nyuma, utamkuta naye yuko jukwaani na jezi. Dereva wa Coaster ya tawi ni shabiki kama ninyi, tena mara nyingi ndiye anayepiga kelele kuliko wote.

Tangu mwaka 2023 Serikali iliporuhusu tena mabasi kusafiri usiku, kukesha barabarani kumekuwa jambo la kawaida. Lakini mabasi makubwa ya safari ndefu yanakuwa na madereva wawili wanaopokezana. Coaster ya kukodi mara nyingi ina mmoja, na kondakta wake hajui hata kuiwasha.

Soka letu halihitaji kukumbushwa habari za ajali. Julai 2021 basi la Polisi Tanzania lilipata ajali mjini Moshi na mshambuliaji Gerald Mdamu akavunjika miguu. Februari 2025 likawa basi la Dodoma Jiji, mkoani Lindi, timu ikitoka Ruangwa kucheza na Namungo. Sisemi kwamba usingizi ndio uliosababisha. Nasema hizo ni timu zenye viongozi, daktari na mtu wa kupanga safari. Tawi lina mwenyekiti, mweka hazina na kundi la WhatsApp.

Kwa hiyo kabla hamjachanga hela ya ngoma na vuvuzela, changeni ya gesti. Na gesti yenyewe iwe Mikumi.

KWA NINI MIKUMI

Mji wa Mikumi, wilayani Kilosa, uko kilomita kama 310 kutoka Dar es Salaam. Ni zaidi kidogo ya theluthi ya safari, ila ndiyo theluthi inayochosha kuliko zote kwa sababu ya foleni ya kutoka mjini, Kimara mpaka Kibaha. Mkiondoka saa 6 mchana siku ya Ijumaa, jua linazama mko mezani mnasubiri kuku.

Faida ya pili ni kwamba mnaipita Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kukiwa bado na mwanga. Barabara kuu inakatiza ndani ya hifadhi kwa kilomita kama 50. Tembo, twiga, pundamilia, swala, nyani, wote unaweza kuwaona ukiwa kwenye kiti chako bila kulipa chochote. Usiku ni habari nyingine. Tembo wa rangi ya lami anavuka, dereva macho yanamuuma, mbele kuna lori limewasha taa kali. Mabango ya mwendo yapo, na faini ya kugonga mnyama ipo. Msishuke kwenye gari humo ndani kupiga picha, na maganda ya ndizi yabaki kwenye mfuko. Nyani aliyezoea kulishwa barabarani ndiye anayeishia kugongwa.

Nikipenyeza utani wa barabara hiyo: Coaster ya Wanamsimbazi ikikosa kumuona simba, mtu wa Jangwani atawaambia yeye amemuona msimu mzima na hakutisha. Jibu lake analijua kila mtu, halichapishiki hapa.

JINSI YA KUCHAGUA GESTI

Hii ndiyo barabara ya malori yanayokwenda Tunduma, na kutoka hapo Zambia na Congo. Gesti nyingi za Mikumi zimejengwa kwa ajili ya watu wa malori: eneo kubwa la kuegesha, mlinzi, nyama choma, supu inayoanza kuchemka kabla ya alfajiri. Hakuna bwawa la kuogelea wala mtu wa kukubebea begi. Hilo ndilo mnalolitaka.

Kazi imenipitisha kwenye gesti nyingi za barabarani, na kigezo changu cha kwanza siyo bei. Naangalia spika ziko wapi. Gesti na baa ni mapacha katika nchi hii, na Ijumaa muziki hauzimwi mapema. Ombeni vyumba vya nyuma, mbali na baa na mbali na barabara, maana lori likishika breki saa 8 usiku utadhani limeingia chumbani. Chumba cha nyuma kabisa, kile chenye ukimya kuliko vyote, mpeni dereva. Si zawadi hiyo, ni sehemu ya nauli yenu.

Hili la dereva limalizeni mapema, kabla hata ya kuwasha gari Dar. Nani analipia chumba chake, tawi au mwenye gari? Likiachwa hewani, mwenye gari atasema ni juu yenu, ninyi mtasema ni juu yake, na dereva atasema hana neno, atalala humo humo kwenye gari alinde mizigo. Hapo amelala saa tatu, kakunja miguu, mbu wanamla, na kesho ana kilomita 520 mbele yake. Mizigo ina mlinzi wa gesti. Na bia yake ya kwanza aiahirishe mpaka Mbeya, baada ya mechi.

Kuna jambo linalowakuta wengi mapokezini. Tawi linapiga hesabu ya watu wawili wawili kwa chumba ili kupunguza gharama, halafu linakuta tangazo ukutani: wanaume wawili hawaruhusiwi kulala chumba kimoja. Gesti nyingi zina utaratibu huo na mhudumu hatabadilisha kwa sababu mmevaa jezi za timu kubwa. Pigeni simu mapema muulize kama kuna vyumba vya vitanda viwili, na viko vingapi. Kama havipo, hesabu yenu ni kichwa kimoja chumba kimoja, na mchango lazima upande. Heri ugomvi wa mchango utokee Jumatatu kwenye kundi kuliko saa 2 usiku mlangoni kwa watu.

Mkifika, kabla hamjalipa, mtu mmoja aingie vyumbani. Afungue bomba aone kama maji yanatoka kweli au kuna ndoo tu. Avute neti aikague matundu, kwani Mikumi ni bondeni, joto lipo na mbu wapo. Awashe feni. Ajaribu komeo la mlango kwa ndani. Ukiambiwa chumba ni "self", angalia choo kiko ndani kweli. Dakika kumi zinatosha. Kila mmoja awe na kitambulisho, kwani kitabu cha wageni kinajazwa: jina, unatoka wapi, unakwenda wapi. Msimtume mmoja awaandikie wote.

Kuhusu chakula sina la kuwafundisha. Agizeni mapema tu, watu 25 wakifika pamoja jiko la gesti linazidiwa, na kuku wa kienyeji hana haraka. Kama Ijumaa hiyo kuna mechi, televisheni ya baa itakuwa imewashwa.

JUMAMOSI AU JUMAPILI

Mechi ikiwa Jumamosi saa 10 jioni, msidanganyane, muda wa kuzurura hakuna. Saa 11 alfajiri gari liwe limewaka. Mbele kuna bonde la mibuyu, kuna Ruaha Mbuyuni na vitunguu vyake, kuna mlima Kitonga ambako malori yanapanda yakihema na kulipita moja ni kubahatisha maisha. Iringa, Mafinga, Makambako, kisha ndiyo Mbeya. Mkienda kistaarabu mnaingia saa 8 mchana au baada yake kidogo. Mkiona muda umebana zaidi ya hapo, ondokeni Dar mapema zaidi Ijumaa. Usimwambie dereva akanyage.

Mechi ikiwa Jumapili, hapo ndipo safari inanoga. Jumamosi asubuhi mnaingia hifadhini kwenyewe. Lango liko kwenye barabara kuu, mnarudi nyuma kidogo kutoka mjini. Mtanzania analipa kiingilio cha wazawa kwa shilingi, kwa hiyo kitambulisho cha NIDA ni muhimu, na malipo hayapokelewi mkononi, mnapewa namba mnalipia kwa simu au kadi. Magari ya kuingilia hifadhini hukodishwa pale Mikumi, ulizeni gestini usiku uleule. Mvua ikiwa imenyesha, Coaster yenu iacheni ipumzike, itanasa kwenye tope.

Ingieni alfajiri, wakati wanyama bado wako wazi kwenye uwanda wa Mkata. Kuna bwawa la viboko si mbali na lango. Saa 4 au 5 asubuhi mmemaliza, mnapiga chai nzito, mnasogea Iringa, kilomita kama 190, mnalala huko. Jumapili asubuhi inabaki safari ya Iringa hadi Mbeya, dereva hajachoka na ninyi hamjachoka. Bebeni koti. Mtu aliyelala Mikumi bila shuka kwa sababu ya joto anashuka Mbeya kwenye mwinuko wa mita kama 1,700 na fulana ya jezi, halafu anashangaa meno yanagongana.

Wenye siku ya ziada wakati wa kurudi wana Udzungwa. Pale Mikumi inaanzia barabara ya Kidatu na Ifakara, na baada ya kilomita kama 60 mnafika Mang'ula, kwenye lango la hifadhi hiyo. Maporomoko ya Sanje yanashuka zaidi ya mita 170, mnapanda kwa miguu na mwongozaji, na msitu huo una kima wa Sanje asiyepatikana kwingine popote duniani. Ila siyo kwa mtu ambaye goti linamsumbua tangu alipoacha ndondo.

RATIBA IKIBADILIKA

Shabiki wa Tanzania anajua ratiba si Msahafu. Machi 8, 2025 Dabi ya Kariakoo iliahirishwa siku ileile ya mechi, watu wa mikoani wakiwa wameshaingia Dar es Salaam, na ilichezwa Juni 25. Nauli zilikuwa zimeshaliwa, gesti zimeshalipwa.

Kwa sababu hiyo msilipe vyumba vyote kwa simu wiki mbili kabla. Tumeni kianzio kidogo, na mkubaliane na mwenye gesti kwamba mechi ikisogezwa, kianzio kinasogea nayo. Wenye gesti za barabara hii wanaelewa, wanaishi kwa wasafiri na hawataki tawi zima liwakimbie. Majibizano hayo yafanyike kwa meseji, msiongee tu, ili yabaki. Kwa mwenye Coaster fanyeni hivyohivyo, na mumuulize kama ana kibali cha kutoka nje ya njia yake, maana kusimamishwa na trafiki Chalinze mkiwa na ngoma juu ya gari kunakula muda ambao Mikumi mngekuwa mnaoga.

Alhamisi jioni mweka hazina apige tena simu gestini. Athibitishe idadi ya vyumba, saa ya kufika, kuku wangapi, na kile chumba cha nyuma kabisa kiandikwe jina la dereva.