Barua Iliyokaa Udongoni Miaka 1,900

Ndugu msomaji, kabla ya kujua kusoma, wengi wetu tulimwomba mtu atuandikie barua. Leo twende tukatembelee ngome ya kale, tuone faida ya kushika kalamu wenyewe.

Ngome hiyo inaitwa Vindolanda. Iko kaskazini ya Uingereza. Askari wa Roma waliijenga kwa miti karibu na mwaka 85. Wakati huo Warumi ndio waliotawala nchi hiyo.

Ukifika pale unaona nini? Unaona misingi ya mawe ya ngome iliyojengwa baadaye. Nje ya lango la magharibi kuna barabara, na kando yake misingi ya nyumba za kijiji.

Lakini mali yenyewe iko chini. Ngome ya miti ilipochakaa, Warumi waliivunja, wakafunika mabaki yake kwa udongo, wakajenga nyingine juu. Chini kulikuwa na majimaji, na hewa haikupita. Pasipo hewa vitu haviozi upesi. Ndiyo maana wachimbaji wamepata hata maelfu ya viatu vya ngozi.

Mwaka 1973 walianza kupata vibao vyembamba, ukubwa wa kadi ya posta, vimeandikwa kwa wino. Kumbe ni barua! Moja inataja soksi na chupi alizotumiwa mtu. Nyingine inaomba pombe, maana askari wameishiwa!

Barua moja tuitazame vizuri. Ni ya karibu mwaka 100. Mama mmoja, Claudia Severa, anamwalika rafiki yake Sulpicia Lepidina, mke wa mkuu wa ngome. Anamwomba aje kwenye sikukuu ya kuzaliwa kwake, tarehe 11 Septemba. Sehemu kubwa iliandikwa na karani, kwa mwandiko safi. Mwishoni Severa alichukua kalamu, akaandika salamu zake mwenyewe, akimwita mwenzake dada.

Mwandiko wake si mzuri kama wa karani. Lakini mistari hiyo michache ni kati ya maandishi ya kale kabisa ya mwanamke yanayojulikana katika Kilatini, lugha ya Warumi. Leo barua hiyo imehifadhiwa London, katika Jumba la Makumbusho la Uingereza. Jina la karani hatulijui. La Severa tunalo.

Basi ndugu, usionee haya mwandiko wako. Wiki hii mwandikie ndugu yako barua, hata mistari mitatu. Iandike kwa mkono wako mwenyewe.