Namna ya Kuuliza Habari za Maovu ya Chuki

Kuuliza watu maswali na kuandika majibu ni kazi nyepesi, ikiwa waulizia bei ya ndagala sokoni. Lakini ukitaka kujua ni watu wangapi hapa Bujumbura waliopigwa au walioharibiwa mali kwa ajili ya kabila, dini au umbo lao, hapana budi uyapime maneno yako kwanza.

Tazama swali hili: “Je, umepata kutendewa uovu wa chuki?” Mimi naliona baya. Mwenye kujibu hakuuona moyo wa aliyempiga. Mwaka 2008 na 2009, huko Ruyigi, watu wenye ualbino waliuawa ili viungo vyao viuzwe. Muuaji alitafuta fedha, na huenda hakuwa na chuki hata kidogo. Lakini waliuawa kwa sababu ya jinsi walivyozaliwa. Neno chuki likiwamo katika swali, habari kama hiyo hupotea.

Basi uliza tendo kwanza: “Tangu sikukuu ya Uhuru, tarehe 1 Julai, je, mtu amekupiga?” Kisha, peke yake: “Je, mtu ameharibu mali yako?” Usiyafunge mawili pamoja, maana aliyepigwa tu atajibu nini? Halafu ndipo uulize: “Wadhani alikutenda hivyo kwa nini? Alisema nini hata ukadhani hivyo?” Huko Marekani uchunguzi mkubwa wa serikali huuliza watu wa miaka 12 na zaidi habari za miezi 6 iliyopita, nao hauliiti tendo kosa la chuki mpaka pawepo dalili: matusi ya chuki, alama iliyoachwa, au polisi kuthibitisha.

Kabila ndilo gumu kuliko yote. Kwa Kirundi “ubwoko” ni kabila, tena ni ukoo. Ukiuliza la kwanza waweza kujibiwa la pili. Kule Buyenzi, penye Kiswahili kingi, neno “kabila” laeleweka, lakini katika mji ulioona mauaji ya 1972 na vita vilivyoanza 1993, swali hilo mlangoni hutisha. Nami nadhani halihitajiki. Uliza hivi: “Aliyekupiga alikudhania kuwa nani?” Wako waliopigwa kwa kabila lisilo lao, na hao nao yafaa wahesabiwe.

Usiandike jina. Uliza mkiwa wawili tu. Jirani akiingia, geuza mazungumzo yawe ya mvua.